Jino Haliumi, Ila Halikupi Amani

Wali umetoka jikoni, unanukia kama unavyonukia mchele wa Kilombero peke yake, samaki wa mtoni yuko pembeni, na tonge la tatu linagonga kitu kigumu. Kra! Changarawe. Unaitema kiganjani, unaitazama, unaendelea kula. Kila aliyekulia bonde hili anaijua changarawe. Mpunga wetu huanikwa chini, na hata mama mwenye mkono mwepesi wa kupepeta na kuchagua kwenye ungo hazimalizi zote. Siku mbili zinapita. Ya tatu unaanza kusikia kitu kwenye gego la chini, na kitu chenyewe si maumivu. Jino limekuwa kama limeinuka, kama refu kuliko jirani zake. Ukiuma, hakuna neno. Ukiachia, linachoma mara moja kama ncha ya sindano, kisha linatulia. Ulimi hauishi kwenda kulitembelea. Usiku, taa imezimwa, ndipo maswali yanapokuja: limepasuka? Watalingʼoa? Na kama ni saratani je?

Namwandikia mtu huyo, asiyeumwa lakini hana raha. Mwenye shavu lililovimba na homa juu asianzie hapa. Ashuke mpaka kwenye aya ya dalili za hatari, na kama ana mtu wa kumpeleka, waondoke sasa hivi.

Mimi nimewahi kuwa mtu huyo. Nilikaa na gego la namna hii msimu mzima wa mpunga, nikitafuna upande mmoja, nikiwaambia nyumbani kwamba sina njaa. Kilichonichelewesha hakikuwa umbali wala pesa. Niliona aibu. Niende hospitali nikaseme nini? Kwamba jino haliumi ila nalisikia vibaya? Niliogopa kuambiwa nirudi likianza kuuma, kwa hiyo nikajiambia hivyo mwenyewe, nikasubiri liume.

Tazama tunavyofanya kwa homa. Mtoto akichemka jioni, asubuhi yuko kwenye foleni ya kipimo. Hakuna mzazi wa Ifakara anayesubiri degedege ndipo aamini kwamba mtoto anaumwa. Tulifundishwa. Mji huu umekuwa na maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950, aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulituletea vyandarua vya Zuia Mbu huku Kilombero na Ulanga kabla sehemu nyingi za nchi hazijavizoea. Mbu tumemjua mpaka saa anazouma. Kuhusu jino, sikumbuki mtu kupita nyumba kwa nyumba akitueleza. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, na mtu mzima wa kijijini aliyezaliwa kabla ya hapo alikua akijua kwamba mtaalamu wa meno ni mwenye koleo. Basi tunasubiri mpaka jino liwe limeoza, tunakwenda, linangʼolewa kwa sababu halina tena cha kuokoa, tunarudi na simulizi ya kungʼolewa. Jirani anaisikia simulizi ile, anaogopa, naye anasubiri. Hofu inajizalisha yenyewe namna hiyo. Pa kuikatia ni mwanzoni, wakati jino bado linasema kwa sauti ya chini.

Kwanza ujue linasemaje. Jino si mfupa mtupu. Ganda lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na halina neva hata moja. Chini ya ganda iko dentini, yenye vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, vyenye majimaji, vikielekea ndani kwenye kiini penye mishipa ya damu na neva. Enameli ikilika, au fizi zikirudi nyuma mzizi ukabaki wazi, funda la maji ya mtungini linayatikisa majimaji yale na neva inapata habari. Mzizi nao haukupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Umeshikwa na nyuzinyuzi zenye neva, na neva hizo ni kali kiasi kwamba unywele mmoja ukikaa kati ya jino la juu na la chini utaujua tu. Ndiyo maana ukiuma changarawe jino huonekana limerefuka. Nyuzi zimejeruhiwa zikavimba kidogo, basi. Mara nyingi ukilipumzisha jino kwa siku kadhaa, uvimbe unashuka na jino linarudi mahali pake.

Hapa lugha yetu yenyewe inaweza kukuponza. Ukila embe bichi na chumvi, meno yanaingia ganzi, maana yake kila kitu kinakuwasha na hata upepo unauma. Daktari akikuchoma sindano, jino linaingia ganzi, maana yake halisikii kitu kabisa. Neno ni moja, mambo mawili, tena yanapingana. Ukikaa kwenye kiti ukasema tu "jino lina ganzi," unamwachia daktari kazi ya kubahatisha. Mwambie: "Nikinywa maji ya baridi linachoma," au: "Sehemu hii imekufa, hata nikiigonga kwa kucha sisikii." Hiyo ya pili, ikiwa ni mdomo au kidevu kimekufa ganzi bila sindano na bila sababu unayoijua, haingoji. Nenda wiki hiyohiyo.

Kipimo cha kwanza ulicho nacho nyumbani ni kuhesabu. Baridi au utamu ukiligusa jino, likachoma, kisha likaacha ndani ya sekunde chache, kwa kawaida kiini bado kizima na kuna mengi ya kufanya: kuziba tundu dogo, kubadilisha namna ya kupiga mswaki, kutumia dawa ya meno ya kupunguza ganzi. Likiendelea kuuma dakika kadhaa baada ya maji kumezwa, au likaamshwa na chai ya moto, au likapwita usiku kila ukilala, kiini kimeumia. Hapo usihesabu tena sekunde, hesabu siku za kufika hospitali, na zisizidi chache.

Halafu kuna ishara inayowadanganya watu wengi kuliko zote. Jino limeuma wiki mbili, mtu hajalala, ametumia kila alichoambiwa, halafu asubuhi moja kimya. Anashukuru Mungu, anaisifu dawa ya mwisho aliyoweka. Kumbe kiini kimekufa. Neva iliyokuwa inapiga kelele haipo tena, lakini wadudu wapo, wanashuka taratibu kwenye ncha ya mzizi, na baada ya miezi linakuja jipu. Jino lililouma sana likanyamaza ghafla bila kutibiwa linahitaji daktari kama lile linalouma.

Ule mchomo unaokuja unapoachia, si unapouma, ni dalili inayojulikana ya jino lililopata ufa. Bonde hili lina kila kitu cha kupasua meno. Ukiacha changarawe, kuna mua. Kuanzia Kidatu mpaka Sanje na Mangʼula mashamba ya miwa yako pande zote, na mtoto wa huku humenya mua kwa meno kabla hajajua kushika kisu. Wapo pia wanaofungua soda kwa magego mbele ya wenzao. Ufa una tabia moja mbaya: mara nyingi hauonekani kwa macho wala kwenye picha ya eksirei. Daktari anaweza kutazama asione kitu, nawe ukaondoka ukijiona mwongo. Kwa hiyo kisa cha changarawe usikiache nyumbani. Sema siku ilipotokea, jino lipi, na kwamba linachoma ukiachia. Maneno hayo humfanya daktari akupe kitu cha kuuma, jino moja moja, mpaka alipate. Ufa ukiwahiwa jino linaweza kuzibwa na kufunikwa. Ukiteremka mpaka mzizini hakuna gundi ya kuurudisha.

Si kila unachokisikia kwenye jino kinatoka kwenye jino. Magego ya juu mizizi yake iko jirani na uwazi wa mfupa wa shavu. Ukipata mafua mazito, meno ya juu, zaidi ya moja, yanaweza kuuma kwa pamoja, hasa ukiinama kufunga viatu. Ukiamka asubuhi taya zimechoka na meno yote yanauma kwa mbali, muulize mnayelala chumba kimoja kama unasaga meno usiku. Mshtuko kama wa umeme upande mmoja wa uso, unaoamshwa na kunawa au kupigwa na upepo, unaweza kuwa wa mshipa wa fahamu wa uso, na watu wameshangʼolewa meno mazima kwa sababu yake. Na mtu mzima, hasa mwenye presha au kisukari, akisikia taya la chini linauma kila anapopanda kilima au kubeba mzigo, kisha likiacha akipumzika, asimtafute daktari wa meno kwanza. Apimwe moyo, na mapema.

Sasa daftari. Chukua ukurasa mmoja tu wa daftari la mtoto. Kwa siku tatu andika: saa, ulikuwa unafanya nini, jino lilifanya nini, lilidumu kwa muda gani. Asubuhi, chai ya moto, hakuna. Mchana, maji ya baridi, mchomo, sekunde tatu. Usiku, hakuna. Siku tatu zinatosha. Usiendelee wiki mbili, maana kuandika nako kunaweza kugeuka ugonjwa. Na katika siku hizo acha kulijaribu jino. Kila unapoliuma kwa makusudi uone kama bado, unazitonesha zile nyuzi. Kila ulimi unapokwenda kulipapasa, akili inapata ujumbe kwamba pana hatari. Mtu mwenye wasiwasi hukaza meno mchana kutwa bila kujua, anapoandika, anapoendesha bodaboda, anapopalilia. Kinywa kilichopumzika kiko hivi: midomo imefumba, meno yameachana, ulimi umelala. Jichunguze sasa hivi unaposoma. Kama meno yamegusana, yaachanishe.

Usiku ndio mgumu, na mgumu zaidi ukiwa mbali na mji. Wakulima wa bonde hili wanajua msimu wa kuhamia shambani, kulala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, simu haina chaji, na mtu wa kuzungumza naye ni moto. Huko jino dogo linaweza kukua likawa kubwa kuliko kichwa. Kabla ya kwenda shambani kaa na jino lako ujiulize kama limekusumbua mwezi huu. Kama ndiyo, likaonwe kabla mvua za masika hazijaharibu njia. Ukiwa umeshafika huko, parasetamoli husaidia: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, akirudia baada ya saa sita, asizidishe vidonge vinane kwa siku nzima. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu, lakini si za mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito. Mwenye pumu naye aulize kwanza. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Weka kichwa juu kidogo, mto wa pili au gunia la pumba. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita, mara kumi. Haiponyi jino, ila moyo unashuka, na moyo ukishuka maumivu nayo hupungua makali. Kisha panga siku ya kwenda, itaje kwa sauti: Jumatatu. Wasiwasi usio na tarehe hulala nawe kila usiku.

Karafuu? Inasaidia kweli. Mafuta yake, karafuu ileile ya Unguja na Pemba, yana dawa ya kutuliza neva ya jino, na madaktari huchanganya dawa hiyo katika zibo la muda. Harufu unayoikuta kwenye vyumba vingi vya meno ni ya karafuu. Tone dogo kwenye pamba, ndani ya tundu, linatuliza kwa saa kadhaa. Haliponyi, na likimwagika kwenye fizi linaunguza. Aspirini usiiweke juu ya fizi, inachoma nyama ikawa nyeupe. Maji ya betri, petroli na ugoro usiviguse. Amoksilini ya kununua dukani kwa vidonge vitatu vitatu nayo iache: tundu halizibwi na kidonge, na unawafundisha wadudu kuvumilia dawa.

Dalili za hatari. Uvimbe unaotoka kwenye jino ukashuka chini ya taya au shingoni, hasa pande zote mbili. Ulimi kuinuliwa. Kushindwa kumeza hata mate. Mdomo kutofunguka. Sauti kubadilika kama mtu mwenye kitu moto kinywani. Homa na kutetemeka. Jicho kuanza kufumba kwa uvimbe. Moja tu kati ya hizi inatosha, na ukiongeza kupumua kwa shida, ni dharura ya saa hizo hizo, usiku au mchana, kituo chochote chenye daktari wa zamu, bila kujali kama wana kiti cha meno. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza uvimbe huu wa chini ya taya tangu mwaka 1836, na mpaka leo unaua kwa njia ileile, kwa kuziba njia ya hewa. Usikande kwa maji ya moto, usipasue kwa wembe, usisubiri kupambazuke.

Kwa watoto kuna mambo mawili ambayo mzazi wa bonde hili anapaswa kuyajua. La kwanza ni meno ya nailoni, wengine huita ya plastiki. Mtoto wa miezi mitano anaharisha na kuchemka, mtu anamfungua kinywa, anaona vijivimbe vyeupe kwenye fizi, anasema ndivyo vinavyomuua, na mtoto anapelekwa kuchokolewa kwa spoki ya baiskeli au wembe. Imani hii inajulikana Tanzania tangu miaka ya 1980. Vijivimbe vile ni chonge zake, meno yake mwenyewe yanayojiandaa kutoka. Kuyachokoa kunamwaga damu ya mtoto ambaye tayari amekauka kwa kuharisha, kunaingiza wadudu, na huharibu mpaka chonge za ukubwani zilizo chini yake. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na kipimo cha malaria kama anachemka. Sikulaumu, mama, ukiwa umeshaambiwa na watu watano kwamba ni nailoni. Nakuomba tu uanzie zahanati.

La pili ni la nadra lakini halisubiri. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka, ndani ya wiki chache, na magego yanacheza ilhali hayajafika umri wa kungʼoka, asipelekwe kungʼolewa meno tu. Daktari Denis Burkitt aliwaona watoto wa namna hii Mulago, Kampala, akaandika habari zao mwaka 1958, na uvimbe ukapewa jina lake. Huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama kwetu. Unatibika kwa dawa, ukiwahi. Mtoto wa miaka sita au saba ambaye jino la mbele linacheza bila uvimbe wowote, huyo anabadilisha meno tu, mwache acheke.

Kuhusu safari. Zahanati kwa kawaida haina huduma ya meno, ila mganga wake anaweza kukupa barua na kukuambia kituo cha afya kipi kina tabibu wa meno. Ifakara mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Piga simu au mtume anayekwenda mjini aulize siku za kliniki ya meno, na kama wanaziba au siku hiyo wanangʼoa tu. Uliza pia kama kadi yako ya bima inagharamia kuziba na kutibu mzizi, maana kuna watu wamengʼolewa jino la kuokolewa kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Wa Mbingu na Mlimba wana treni ya TAZARA au barabara. Wa Lupiro, Malinyi na Mahenge wana daraja la Mto Kilombero. Wanaokumbuka kivuko, na Januari 2016 kilipozama, wanajua maana ya kuumwa usiku upande wa pili wa mto. Tangu daraja la Magufuli lenye mita 384 lifunguliwe rasmi mwaka 2018, mto si sababu tena.

Kula kabla ya kwenda. Wengi huenda na tumbo tupu kwa hofu, wanapigwa sindano, wanazimia, kisha inasemekana sindano imewaangusha. Kunywa chai, kula muhogo au uji, piga mswaki, nenda na mtu. Beba ukurasa wako. Beba na maganda ya dawa unazotumia, hasa za presha, kisukari na za kuyeyusha damu. Mwambie daktari kama una selimundu, tatizo la moyo, mimba, au kama penisilini imewahi kukuletea vipele.

Siku niliyokwenda mimi, benchini nilikaa karibu na mama mmoja aliyetoka mbali, kajiziba mdomo kwa khanga. Akaitwa, mlango ukabaki wazi nusu.

"Shikamoo mama," kijana wa koti jeupe akasema. "Tunasumbuliwa na nini?"

"Marahaba mwanangu. Jino haliumi. Ila nikiuma linaruka."

"Linaruka unapouma au unapoachia?"

Mama akanyamaza. Akafumba macho, akauma hewa, akaachia. "Ninapoachia," akasema. Kijana akasogeza kiti. Mimi nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu kwa aibu ambayo haikuja.

Ukiwa kwenye kiti, kubalianeni kwanza na daktari: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Mwambie unaogopa. Hilo ni taarifa kwake kama presha ilivyo taarifa. Muulize vifaa vimetakaswa vipi, kwa heshima. Daktari mzuri atakuonyesha pakiti au mashine ya mvuke. Atatazama kwa kioo kidogo, atagonga jino taratibu kwa mpini, atapuliza hewa, pengine atagusisha kitu baridi. Ni haki yako kuuliza: "Jino hili linaweza kuokolewa? Hapa au wapi? Nikisubiri mwezi mmoja itakuwaje?" Sindano ya ganzi huchoma kidogo inapoingia. Baada ya dakika chache mdomo unakuwa mzito kama si wako. Subiri ganzi ishike vizuri. Ukisikia kusukumwa, hiyo ni kawaida, ganzi haiondoi msukumo. Ukisikia mchomo, inua mkono uongezewe. Na lile la kwamba ukingʼoa jino la juu unapofuka: neva ya jino na neva ya kuonea ni mbili tofauti, kungʼolewa jino kwa usalama hakumpofushi mtu.

Ikibidi lingʼolewe, uma ile pamba nusu saa bila kuongea na bila kuichungulia. Siku hiyo usisukutue, usitemeteme, usivute sigara, usinywe pombe, usibebe mizigo. Kesho yake anza maji ya chumvi, polepole. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza si damu ya kutisha. Damu inayojaza mdomo hata baada ya kuuma pamba mpya nusu saa, rudi. Maumivu yanayoanza upya kati ya siku ya tatu na ya tano, yenye harufu, rudi pia. Ni pengo lililokauka, na hutibika kwa kusafishwa na kuwekwa dawa.

Na ikiwa daktari ametazama, amepiga picha, akasema haoni kitu? Usitoke na hasira, wala usitoke ukijiona umepona kwa lazima. Mwombe aandike kwenye kadi jino lipi na amelipima vipi, na mpange siku ya kurudi, wiki mbili au nne. Ufa mdogo hujionyesha kwa wakati wake, na nyuzi zilizoumia hupona kwa wakati wake. Mpaka siku hiyo tafuna upande wa pili, acha mua usioukata kwa kisu, chai ya sukari kunywa na chakula badala ya kuionja kutwa nzima, na usipige mswaki papo hapo baada ya embe bichi au ukwaju. Suuza kwa maji, ngoja nusu saa.

Na changarawe zisikurudie, mchele uoshe hivi. Weka mabakuli mawili, maji mengi. Koroga kwa mkono kwenye la kwanza, inamisha taratibu, mchele utangulie na maji kwenda la pili, kidogo kidogo, usiharakishe. Rudia mara tatu. Chini ya bakuli utazikuta zimebaki, tatu, nne, nyeusi. Zitupe mbali na uwanja wa kuanikia.